Kipindi bado kinarushwa, mbona mwigizaji anachangiwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, naigiza tamthilia na sasa nimepewa mkataba wa kwanza wa maana. Nimesoma kwamba Dawn Wells, yule Mary Ann wa kipindi cha zamani cha Marekani kiitwacho Gilligan's Island, alichangiwa fedha na mashabiki mtandaoni mwaka 2018. Nikashangaa, maana kipindi kile bado kinaoneshwa, na nilidhani waigizaji wa Marekani hulipwa kila kazi yao inaporudiwa. Babu naye kaniambia, "Hata Majuto wetu alichangiwa." Je, ni kweli wenzetu wanalipwa marudio? Na kama ni kweli, mbona magwiji wao wengine waliishia kama wetu?

JIBU: Marahaba binti yangu, na umfikishie babu salamu.

Ni kweli wanalipwa, ila si wote na si kwa kazi zote. Kuna miaka miwili ambayo ukiijua utaelewa karibu kila kisa cha gwiji wa Hollywood aliyezeeka kwa dhiki: 1960 kwa filamu za sinema, na 1974 kwa vipindi vya televisheni. Gilligan's Island kilianza Septemba 1964 kikaisha Aprili 1967, sehemu 98. Mikataba ya wakati ule ililipa marudio machache ya mwanzo, kisha mlango ukafungwa. Baada ya hapo kipindi kingeweza kurushwa mara elfu moja, kutoka California hadi Manila, na mwigizaji asipate hata senti. Dawn Wells alipopata ajali, akafanyiwa upasuaji na kukabwa na madeni ya kodi, rafiki yake alifungua mchango na mashabiki wakatoa karibu dola 200,000. Alifariki Desemba 2020 kwa maradhi yaliyotokana na UVIKO-19.

Sasa nikueleze mlango huo ulijengwaje, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Wengi hudhani malipo ya marudio yanatoka kwenye sheria ya hakimiliki ya Marekani, eti sheria yao ni nzuri kuliko yetu. Sivyo. Kwa sheria ya Marekani mwigizaji wa filamu ni mtu aliyeajiriwa kufanya kazi, na kazi hiyo ni mali ya studio tangu siku ya kwanza. Hali yake ni ya fundi aliyejenga nyumba akalipwa siku zake: kodi ya wapangaji inakwenda kwa mwenye nyumba. Kila dola ya marudio unayosikia imetoka kwenye mkataba, ama ule wa chama uliopatikana kwa mgomo, ama wa mtu binafsi aliyekuwa na wakala au mwanasheria mwenye macho makali. Bunge halikuwapa.

Anza na Bela Lugosi. Mwaka 1931 aliigiza Dracula kwa studio ya Universal kwa dola 500 kwa wiki, wiki saba, jumla dola 3,500. Sura ile, joho lile na ile lafudhi ya Kihungari vikawa ndiyo picha ya Dracula dunia nzima. Alifariki Agosti 1956 akiwa hana kitu, akazikwa na joho lake. Universal ikaendelea kuuza vinyago na fulana zenye sura yake. Mjane wake na mwanawe, ambaye alikuwa mwanasheria, wakaenda mahakamani wakidai kwamba sura ya baba ni urithi wao. Kesi ilikwenda hadi Mahakama Kuu ya juu kabisa ya California, na mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba haki ya mtu juu ya sura yake inakufa naye kama hakuitumia kibiashara akiwa hai. Familia ilishindwa, lakini kelele za kesi ile zilichangia bunge la California kutunga sheria mwaka 1984 ya kulinda sura na jina la mtu maarufu baada ya kifo. Waliofaidi ni warithi wa wengine.

Zama za Lugosi zilikuwa zama za studio kumiliki watu. Nyota alisaini mkataba wa miaka saba, alipangiwa filamu, na akikataa aliwekwa kando bila mshahara. Hila ilikuwa hapa: ule muda wa kuwekwa kando uliongezwa mwishoni mwa mkataba, kwa hiyo miaka saba ingeweza kuwa tisa, kumi, au isiishe. Bette Davis alijaribu kuwakimbia Warner Bros. mwaka 1936 akapelekwa mahakamani London, akashindwa. Aliyefaulu ni Olivia de Havilland, yule Melanie wa Gone with the Wind. Aliishtaki Warner mwaka 1943 akitumia kifungu cha zamani cha sheria ya kazi ya California kinachosema mtu hawezi kulazimishwa mkataba wa kazi kupita miaka saba. Warner iliandikia studio nyingine barua zisimpe kazi, akakaa karibu miaka miwili bila filamu. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Baadaye akashinda tuzo mbili za Oscar, na akaishi hadi Julai 2020, miaka 104, huko Paris. Wanamuziki wa Marekani hadi leo wanaitumia sheria ile wanapogombana na kampuni za kurekodi.

Lakini ushindi wa de Havilland ulikuwa wa uhuru wa kuondoka. Haukugusa fedha za kazi iliyokwisha kufanyika. Na miaka ya 1940 fedha hizo hazikuwa hoja kubwa, kwa kuwa filamu ikishazunguka majumba ya sinema ilirudi stoo. Nani angedai mrabaha wa mikebe iliyolala gizani?

Televisheni ndiyo iliyofungua stoo.

Hapa lazima nikae kidogo na Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, kwa sababu naona hakuna kisa kinachofundisha kuliko chao. Mwaka 1951 kituo cha CBS kilitaka waigize kipindi chao, I Love Lucy, moja kwa moja kutoka New York, kama ilivyokuwa desturi. Watu wa pwani ya magharibi wangeona nakala hafifu iliyopatikana kwa kupiga picha kioo cha televisheni. Wenyewe walitaka kubaki California. Desi, Mkuba aliyekimbilia Marekani akiwa kijana na ambaye wakubwa wengi walimwona mpiga ngoma tu, akasema: tutarekodi kwenye filamu ya sinema, milimita 35, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji. Ni ghali, wakamjibu. Basi tupunguzieni mshahara, dola 1,000 kwa wiki, na filamu zikisharushwa ziwe mali yetu. CBS wakakubali bila shida, kwa sababu nani angetaka kuona kipindi alichokwisha kukiona?

Jibu lilikuja haraka kuliko walivyotarajia. Lucille alipokuwa mjamzito na kujifungua Januari 1953, kazi ya studio ilipungua, na sehemu za zamani zikarushwa tena kujaza nafasi. Watu wakatazama. Kumbe kipindi kilichorudiwa ni mali! Mwaka 1956 wawili hao wakawauzia CBS haki za sehemu 180 kwa dola zaidi ya milioni 4. Mwaka 1957 kampuni yao, Desilu, ikanunua studio za RKO, zilezile ambazo Lucille aliwahi kuajiriwa kama msichana wa kuigiza nafasi ndogondogo. Waliachana mwaka 1960, yeye akanunua hisa za Desi mwaka 1962, na mwaka 1967 akauza kampuni nzima kwa dola milioni 17.

Kuna jambo mashabiki wa Lucille hawapendi kulisikia. Desilu ndiyo iliyozaa Star Trek mwaka 1966. Waigizaji wake walisaini mikataba ya kawaida ya zama hizo, ya marudio machache kisha basi. Kipindi kilifutwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79 kwa madai ya watazamaji wachache, kisha katika marudio kikawa karibu dini. William Shatner, Kapteni Kirk mwenyewe, amesimulia kwamba baada ya kufutwa kipindi na ndoa kuvunjika alikuwa akilala ndani ya gari lenye kibanda nyuma, akizunguka kuigiza kwenye majukwaa ya miji midogo. Siwezi kumlaumu Lucille peke yake, biashara nzima ilikuwa hivyo. Ila mwigizaji akigeuka mwajiri hawi malaika, na hilo utaliona hata Sinza na Kinondoni.

Kisa kingine nitakusimulia kwa sababu kinakuhusu moja kwa moja. Msimu wa 1955 hadi 1956 CBS ilirusha sehemu 39 za The Honeymooners, kichekesho cha dereva wa basi wa Brooklyn, nyota wake Jackie Gleason. Mkewe katika kipindi aliigizwa na Audrey Meadows, na jirani yao Trixie aliigizwa na Joyce Randolph. Audrey alikuwa na kaka mwanasheria, Edward. Kabla dada hajasaini, Edward aliongeza maneno machache: vipindi hivi vikirushwa tena, dada yangu alipwe. Wakati huo ilionekana ombi la ajabu lisilo na gharama, wakamwachia. Sehemu zile 39 zimerudiwa kwa miongo mingi, na kati ya waigizaji wenza wa Gleason ni Audrey peke yake aliyelipwa kwa marudio hayo. Joyce Randolph, aliyesimama naye jikoni mlemle mbele ya kamera ileile, alipata tu kitu kidogo baadaye zilipotolewa sehemu nyingine zilizokuwa zimefichwa. Joyce aliishi hadi Januari 2024, miaka 99, akiwa wa mwisho kati yao.

Kipaji cha Audrey hakikuwa mara mia ya kipaji cha Joyce. Tofauti yao ilikuwa mistari michache ya taipu.

Kwa upande wa sinema, aliyebadilisha mchezo kwa mtu mmoja mmoja ni James Stewart. Mwaka 1950 Universal haikuwa na fedha za kumlipa dola 200,000 alizotaka. Wakala wake, Lew Wasserman, akapendekeza achukue sehemu ya faida ya filamu ya ng'ombe na bastola, Winchester '73. Filamu ikauza vizuri, na inakadiriwa Stewart alipata kama dola 600,000. Tangu hapo kila nyota mkubwa akataka asilimia. Studio nazo zikajifunza hesabu. James Garner alikuwa na sehemu ya faida katika kipindi cha The Rockford Files, kilichorushwa na NBC tangu 1974 hadi 1980 na kupendwa sana, lakini kila mwaka Universal ilimwonesha makaratasi kwamba kipindi hakijapata faida: gharama za ofisi, riba, ada ya usambazaji, gharama juu ya gharama. Akawashtaki mwaka 1983. Mwaka 1989, wakiwa mlangoni mwa mahakama, wakamlipa kiasi ambacho hakikutangazwa. Kwa hiyo ukiona neno "faida" kwenye mkataba wako, uliza linahesabiwa kabla au baada ya nani kukata chake. Faida ya karatasini inaweza kubaki sifuri hadi kiyama.

Hao wote ni watu binafsi wenye nguvu. Mwigizaji wa kawaida, yule anayeingia na kusema "Gari liko tayari, bwana" kisha akatoka, alihitaji chama. Chama chao cha waigizaji wa filamu kiliundwa mwaka 1933, miongoni mwa waasisi akiwa Boris Karloff, na studio zikakitambua mwaka 1937. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilipata malipo ya kwanza ya marudio ya televisheni, hayo machache niliyokutajia. Lakini filamu za sinema zilizouzwa kwa vituo vya televisheni zilibaki bila malipo yoyote, na studio zilikuwa zikizimwaga sokoni kwa mamilioni.

Wacheza sinema wa farasi walikuwa wameshajaribu mahakama. Roy Rogers na Gene Autry waliishtaki kampuni ya Republic isiuze filamu zao kwa televisheni, Rogers akashinda mwanzoni mwaka 1951, lakini rufaa za mwaka 1954 zikawaangusha wote wawili. Autry hakusubiri rufaa: tangu mwaka 1950 alikuwa na kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza vipindi, akafa tajiri mwaka 1998.

Chama kikaitisha mgomo tarehe 7 Machi 1960. Rais wa chama alikuwa Ronald Reagan, ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa Rais wa Marekani na kuwafukuza kazi waongoza ndege waliogoma mwaka 1981. Waandishi wa filamu nao walikuwa tayari kwenye mgomo wao. Hollywood ikasimama. Universal ililegea mapema na kusaini, nyingine zikashikilia. Tarehe 18 Aprili wakaelewana, na maelewano yenyewe ndiyo chanzo cha machungu ambayo babu zao waliyabeba hadi kaburini.

Filamu zitakazotengenezwa kuanzia 1960 zingelipa waigizaji zikiuzwa kwa televisheni. Filamu zilizotengenezwa kabla ya hapo hazingelipa, kamwe. Badala yake studio zilitoa dola 2,250,000 kwa mkupuo kuanzisha mfuko wa pensheni na bima ya afya wa chama. Fikiria maana yake. Miaka yote ile unayoita ya dhahabu, filamu bubu zilizopewa sauti, filamu za vita, za mapenzi, za vichekesho, zote zikauzwa kwa dola milioni mbili na robo, na wenye nyuso zao wakabaki kuzitazama kwenye televisheni kama mtu mwingine yeyote. Mickey Rooney, aliyekuwa nyota namba moja wa mauzo mwishoni mwa miaka ya 1930, hakusamehe. Alikwenda mahakamani akidai kwamba mikataba ya zamani haikuzipa studio haki ya televisheni. Mwaka 1982 jaji wa New York akaitupa kesi: mikataba ile ilikuwa na maneno mapana yaliyozipa studio kila njia ya kuonesha, iliyopo na itakayokuja kubuniwa. Kumbuka maneno hayo, nitayarudia.

Je, Reagan na wenzake waliwauza wazee? Wapo wanaosema hivyo, na siwezi kuwaambia wanyamaze. Mimi naona walifanya biashara ngumu yenye akili. Mfuko wa bima na pensheni ulimfaa yule wa "Gari liko tayari, bwana" kuliko asilimia ambayo angepata mara moja kwa miaka mitano. Lakini nadhani kiasi kilikuwa kidogo mno, na aliyelipia karamu hakualikwa. Veronica Lake, aliyefanya wanawake wa Marekani nzima walaze nywele juu ya jicho moja wakati wa vita, alikutwa mwaka 1962 akihudumia wateja kwenye baa ya hoteli ya wanawake mjini New York. Alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 50. Pombe ilichangia, tusidanganyane. Ila filamu zake zote kubwa zilikuwa za kabla ya 1960.

Ule mwaka wa pili niliokutajia, 1974, ulipita kwa kelele chache zaidi. Chama kilipata kwamba vipindi vya televisheni vilipiwe marudio bila kikomo cha idadi. Lakini makubaliano hayo hayakugusa vipindi vya zamani. The Brady Bunch, kipindi kilicholea watoto wa Kimarekani kwa marudio ya kila alasiri, kiliisha Machi 1974, na waigizaji wake wakabaki upande wa zamani wa mstari. Wa miaka iliyofuata wakawa upande wa pili.

Usidhani hata hivyo kwamba upande wa pili ni pepo. Malipo huhesabiwa kwa kima cha chini cha chama, hata kama mshahara wako ulikuwa mkubwa, na hupungua kila kipindi kinaporudiwa mpaka kufika takriban asilimia 5 ya kima hicho na kukaa hapo. Aliyeigiza sehemu 100 za kipindi kinachopendwa anaweza kuishi nayo. Aliyeonekana mara moja hupokea hundi za senti. Kulikuwa na baa huko Studio City, jirani na studio, iliyojiita kwa jina la malipo haya: ukileta hundi ya chini ya dola moja unapewa kinywaji bure, na hundi inabandikwa ukutani. Mwaka 2023 chama, ambacho sasa kimeungana na kile cha watangazaji, kiligoma siku 118, kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9. Moja ya madai makubwa ilikuwa kwamba huduma za kutazama mtandaoni zinalipa marudio kwa mkupuo mdogo usiofuata idadi ya watazamaji.

Sasa turudi kwetu.

Babu amemtaja Amri Athumani, King Majuto, wa Tanga yenu hiyohiyo, aliyefariki Muhimbili Agosti 2018 baada ya kupelekwa hadi India kutibiwa. Kenya nao walimchangia Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, kwa matibabu ya macho, miaka michache kabla hajafariki Julai 2015. (Wanjau alikuwa Mkikuyu, na aliigiza lafudhi ya Kijaluo hadi watu wa Kisumu wakamdai ni wao. Hilo peke yake lilistahili pensheni.) Huku kwetu kikwazo kilikuwa kingine. Hollywood walikuwa na chama kilichoweza kusimamisha viwanda. Sisi tulikuwa na prodyuza mmoja, kamera moja, na msambazaji wa Kariakoo anayenunua masta, yaani ile nakala mama ya filamu. Ukishauza masta umeuza kila kitu: diski, televisheni, mabasi ya mikoani, na leo YouTube, ambayo wakati wa kuuza haikuwepo au hakuna aliyeiwazia. Ni maneno mapana yaleyale yaliyomwangusha Rooney, ila yetu mengi hata hayakuandikwa. Yalikuwa ya mdomo, na bahasha.

Sheria za kimataifa nazo zilituchelewesha. Mkataba wa Roma wa 1961, unaolinda wasanii watumbuizaji, una kifungu cha 19 kinachosema kwamba mtumbuizaji akishakubali kuingizwa kwenye filamu, ulinzi wake unaishia hapo. Mwanamuziki alilindwa, mwigizaji akaachwa mlangoni. Pengo hilo lilizibwa na Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika Aprili 2020, unaowatambulia waigizaji haki juu ya kazi zao za picha na sauti, pamoja na haki ya kutajwa jina. Lakini nao unaruhusu haki za kiuchumi zihamishiwe prodyuza kwa mkataba. Kwa hiyo tumerudi palepale alipokaa Edward Meadows na kalamu yake.

Kuhusu huo mkataba ulionao mkononi. Hujanitumia, na usinitumie kwa simu. Mpelekee wakili, hata kwa kuchangiana na wenzako wa tamthilia hiyohiyo, maana mkienda watano mnasikilizwa kuliko ukienda mmoja. Mwambie akutafutie maneno yanayosema haki zote, kwa njia zote, zilizopo na zitakazobuniwa, milele. Pengine hutaweza kuyafuta. Prodyuza naye anakopa benki na anahitaji karatasi safi ili auze. Omba basi yapunguzwe: kituo fulani, miaka fulani, nchi fulani, na kila nyongeza iwe na bei yake. Wakikataa asilimia ya mapato, omba kiasi kidogo kinachojulikana kwa kila mara tamthilia itakapouzwa kwa kituo kingine au kuwekwa mtandaoni. Kiasi kinachojulikana ni bora kuliko sehemu ya faida isiyoonekana. Kuhusu sura yako kwenye matangazo ya biashara, mabango na vifungashio, tenga kabisa, liwe karatasi nyingine. Na siku hizi ongeza kwamba sauti na sura yako zisitengenezwe upya kwa kompyuta bila idhini yako ya maandishi. Hilo nalo liligomewa mwaka 2023.

Muulize wakili pia kuhusu kusajili kazi COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, na nani ataandikwa kama mwenye haki. Ndugu zako wa Kenya wamekuwa na vyama vya kukusanya kwa niaba ya watumbuizaji, lakini hakuna chama kitakachokukusanyia haki uliyokwisha kuiuza.

Wakikuambia mkataba hauguswi, uwe umejiamulia kabla. Wakati mwingine kazi ya kwanza huchukuliwa hivyohivyo kwa ajili ya jina, na si dhambi. Joyce Randolph hakuwa mjinga, alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Ila saini ukijua unauza nini, weka nakala yenye saini za pande zote nyumbani kwa babu, na andika kwenye daftari tarehe na namba ya kila sehemu uliyoigiza. Siku wakiiuza tena, cha kwanza watakachokuuliza ni ushahidi kwamba ulikuwemo.